Jeki ya umeme, staka au foklifti: ichague kwa kuangalia namna inavyoumiza

Hufika siku mwenye godauni akaamua kwamba mzigo haubebwi tena mgongoni. Pengine kontena zilizokuwa zinakuja mbili kwa mwezi sasa ni sita. Pengine kuli wake wa siku nyingi ameumia kiuno na hawezi hata kuinama kuvaa viatu. Anakwenda kuulizia mashine, na uani kwa muuzaji anakuta vitu vitatu: jeki ya paleti (lile jukwaa la mbao la kupangia mzigo) inayotembea kwa umeme, staka ya umeme, na foklifti ya kukalia. Muuzaji atamwambia kila moja inanyanyua kilo ngapi na inafika juu mita ngapi. Hatamwambia ipi inavunja miguu, ipi inaangusha mzigo kichwani, na ipi inaua.

Nimefanya kazi za stoo hapa Dar es Salaam kwa miaka, kwanza kama karani wa kuhesabu mzigo mlangoni, baadaye msimamizi wa zamu. Nimeona mashine nzuri ikiumiza watu kwa sababu tu imewekwa mahali isipostahili. Kwa hiyo hapa nazilinganisha kwa kuanzia na ajali zake, kwa sababu kila moja ina yake, na mwenye godauni anapaswa kununua ile ambayo ajali zake anaweza kuzizuia katika eneo lake na kwa watu alionao.

Pima haya kabla ya bei

Anza na sakafu. Imwagie maji ndoo moja uone yanakokimbilia, tafuta nyufa, mashimo, na kile kizingiti cha mlangoni ambacho kila mtu amekizoea. Kisha pima upana wa njia kati ya mirundo ya mzigo, na urefu wa mlango.

La pili, na kwangu ndilo kubwa kuliko yote: nani anapita hapo? Stoo ya Kariakoo wateja wanaingia hadi ndani kuchagua mzigo, mama lishe anapita na sufuria, wabeba mzigo hawafahamiani na wewe. Godauni la Barabara ya Nyerere lenye geti na mlinzi ni habari nyingine kabisa.

Mengine ni mafupi. Mzigo wako mzito kabisa una kilo ngapi, na unataka kuupandisha juu kiasi gani? Umeme wako ukoje, na hewa inapita? Na nani ataishika hiyo mashine kila siku: mtu mmoja unayemjua kwa jina, au yeyote aliyewahi asubuhi?

Jeki ya mkono nimeiacha nje ya ulinganisho kwa kuwa haina mota. Lakini ukishapima hayo ukaona unahamisha paleti kumi kwa siku kwenye sakafu tambarare, jeki ya mkono mbili na watu wanne waliovaa buti vinaweza kukutosha kwa muda mrefu.

Jeki ya paleti ya umeme

*Kazi yake.* Inaingiza meno, yale mapanga mawili ya chuma ya mbele, chini ya paleti, inainua sentimita chache tu kutoka sakafuni, na inatembea. Nyingi hubeba tani moja na nusu hadi mbili. Opereta anatembea kwa miguu akiwa ameshika mpini, na mwendo wake ni wa mtu mwenye haraka, kilomita tano au sita kwa saa. Haipangi mzigo juu ya mwingine.

*Jinsi inavyoumiza.* Inaumiza chini: vidole vya miguu, nyayo, visigino, vifundo. Watu huidharau kwa sababu ni ndogo na haina kiti. Ila ukijumlisha uzito wake na paleti ya saruji au mafuta ya kula, una zaidi ya tani moja inayotembea kwa magurudumu madogo magumu, na mguu wa mtu haupandwi na tani moja ukabaki mguu.

Ajali niliyoiona kwa macho ilitokea saa nne asubuhi, tukishusha vigae. Kijana wa kupakia, mwenye kandambili, alikuwa anaivuta jeki huku akitembea kinyumenyume ili autazame mzigo usiporomoke. Nyuma yake kulikuwa na kipande cha ubao wa paleti iliyovunjika. Alikikanyaga, akayumba, akakaa chini. Mpini aliuachia, na jeki ikashika breki kama ilivyotengenezwa kufanya, lakini ilishakuwa juu ya mguu wa kushoto. Nakumbuka zaidi ukimya wake. Hakupiga kelele. Alitazama tu ile kandambili ya bluu iliyobanwa chini ya gurudumu, akasema, "Kaka, irudishe nyuma taratibu." Kidole gumba na cha pili vilikatwa.

Mashine hizi zina kinga mbili ambazo kila anayeishika anapaswa kuzielewa. Ya kwanza ni mpini wenyewe: ukiuachia unarudi wima na breki zinashika. Ya pili ni kitufe kikubwa kichwani mwa mpini, vijana hukiita kitufe cha tumbo. Opereta akibanwa kati ya mashine na ukuta, kitufe kinagonga tumbo lake na mashine inageuza mwelekeo papo hapo. Hiki ndicho kinachookoa mbavu. Nimekuta jeki ambayo kitufe kimezibwa kwa karatasi ya gundi kwa sababu "kinasumbua", na nyingine mpini umefungwa kamba usirudi juu. Mashine ya namna hiyo iondolewe kazini saa hiyohiyo, hata kama lori linasubiri kushushwa.

*Inachodai kwako.* Sakafu laini, kwa sababu magurudumu yake madogo yanakwama kwenye ufa na mzigo unaendelea mbele bila yake. Buti zenye chuma mbele kwa kila mtu anayeingia eneo la kazi, kibarua wa siku moja akiwemo. Opereta atembee pembeni ya mpini akitazama anakokwenda. Betri ichajiwe mahali penye hewa. Rampu kali iogope.

*Inamfaa nani.* Mwenye stoo ya chini, mzigo usiopangwa juu, njia nyembamba, watu wachache.

Staka ya umeme

*Kazi yake.* Ni ndugu ya jeki, lakini ina mlingoti, nguzo ya chuma ambayo meno hupanda na kushuka, inapandisha paleti hadi mita tatu au zaidi. Nayo mara nyingi opereta anatembea kwa miguu. Uwezo ulioandikwa, tuseme tani moja na nusu, ni wa meno yakiwa chini. Kadiri meno yanavyopanda ndivyo uwezo unavyopungua, na kibao kilichopigwa kwenye mlingoti kinaonyesha upungufu huo kwa kila kimo. Kisome kabla hujalipa, na kama kimetoka, dai kingine.

*Jinsi inavyoumiza.* Kutoka juu. Boksi linachomoka kwenye paleti iliyofungwa ovyo, au paleti nzima inateleza. Opereta wa foklifti ana paa la vyuma juu ya kichwa chake. Opereta wa staka amesimama nyuma ya mlingoti, na msaidizi wake mara nyingi amesimama pembeni kabisa, akinyoosha mkono kusukuma boksi likae sawa. Huyo msaidizi ndiye anayeumia. Mkono wake pia uko karibu na minyororo na vyuma vinavyopishana kwenye mlingoti, na vidole vikiingia pale havitoki vizima.

Kuna ajali nyingine ya staka ambayo hutaiona hadi ikukute. Staka za kawaida zina miguu miwili chini, sambamba na meno. Miguu hiyo inahitaji kupita chini ya paleti. Paleti zinazokuja na kontena ni za kila aina, na nyingine zimefungwa mbao pande zote mbili, juu na chini. Mguu wa staka hauingii. Opereta mwenye haraka atadaka paleti kwa ncha za meno, ataipandisha hivyohivyo, na uzito wote utakuwa mbele kuliko mashine ilivyotengenezwa kubeba. Ukikagua mzigo wako ukakuta nusu ya paleti ni za aina hiyo, tafuta staka yenye miguu iliyotanuka pembeni, au uachane na staka.

Kutembea na mzigo ukiwa juu ndiko kunakoiangusha ubavuni. Shimo la sentimita mbili chini, likiwa na paleti mita tatu juu, ni mteremko mkubwa. Mzigo ushushwe kwanza, ndipo mashine ihame.

*Inachodai kwako.* Sakafu nzuri kuliko hata ile ya jeki, na tambarare. Raki imara zilizofungwa sakafuni. Filamu ya plastiki ya kufungia paleti, ambayo ni gharama ya kila siku watu wanayosahau kuihesabu. Mstari wa rangi sakafuni kuonyesha mahali ambapo hakuna mtu kusimama meno yakiwa juu. Kuchaji kwake ni kama kwa jeki.

*Inamfaa nani.* Mwenye godauni dogo au la kati lenye raki, mzigo wa maboksi usiozidi tani moja kwa paleti, na opereta mmoja au wawili wa kudumu. Kwa mzigo wa magunia yaliyolegea au marobota ya mitumba yanayotanuka, siipendi.

Foklifti ya kukalia

*Kazi yake.* Kila kitu, ndiyo maana kila mtu anaitaka. Inashusha kontena, inapanda rampu, inavuka uani kwenye changarawe ikiwa na matairi yanayofaa, inapakia semi na fuso. Ile ya tani mbili na nusu ndiyo ya kawaida zaidi mjini.

*Jinsi inavyoumiza.* Hapa niruhusu nikae kidogo, kwa kuwa ndiyo inayoua.

Foklifti inayobeba tani mbili na nusu yenyewe ina uzito wa tani tatu na nusu hadi nne, karibu magari madogo matatu. Uzito huo umewekwa nyuma makusudi ili kusawazisha mzigo wa mbele. Ni mizani: magurudumu ya mbele ndiyo egemeo, mzigo upande huu, chuma cha nyuma upande ule. Namba ya tani mbili na nusu inahesabiwa kwa mzigo ambao katikati yake pako sentimita 50 kutoka kwenye ukuta wa meno, yaani pale yanapoanzia. Beba kreti yenye urefu wa mita mbili, katikati yake panakuwa mita moja mbele, na uwezo uleule unashuka hadi kama kilo 1,600 au 1,700. Mashine haijabadilika. Mzigo umesogea tu.

Opereta asiyelijua hili atashangaa magurudumu ya nyuma yanapoinuka. Na hapa mjini dawa yake inajulikana: "Vijana wawili, pandeni nyuma!" Nimeiona mara nyingi kuliko ninavyotaka kukumbuka. Vijana wanakimbia wakicheka, wanakaa juu ya kile chuma cha nyuma, magurudumu yanarudi chini, kazi inaendelea. Magurudumu ya nyuma ndiyo yanayopiga kona. Yakigusa ardhi kwa shida, usukani haufanyi kazi, na wale vijana wawili hawana cha kushika. Mzigo ukipita uwezo ugawanywe, au iitwe mashine kubwa zaidi.

Kupinduka ubavuni ndiko kunakoua opereta mwenyewe. Huja kwa kona ya kasi, hasa mashine ikiwa tupu au meno yakiwa juu, na kwenye ukingo wa rampu. Mtu akihisi inalala, mwili wake wote unamwambia aruke. Akiruka, lile paa la vyuma lililowekwa kumlinda linamwangukia yeye. Anayebaki amefunga mkanda, ameshika usukani kwa nguvu, amekanyaga miguu imara na kuinamia upande usioanguka, ana nafasi kubwa zaidi ya kusimulia. Mkanda ambao umekunjwa nyuma ya kiti haujamsaidia mtu.

Halafu kuna anayetembea kwa miguu. Kwa kuwa foklifti inapigia kona magurudumu ya nyuma, mkia wake unafagia upande wa nje inapogeuka. Mtu aliyesimama ubavuni akidhani yuko salama, mkia unamfuata. Mzigo mkubwa mbele unamziba opereta macho, na hapo anapaswa kuendesha akirudi nyuma huku akitazama anakokwenda. Kwenye mteremko wenye mzigo, mzigo ubaki upande wa juu wa kilima.

Na kuinua watu. Taa imeungua, mtu anasimama juu ya paleti, anapandishwa mita nne. Paleti haijafungwa kwenye meno. Kama lazima mtu apande, kiwe kizimba maalumu chenye vizuizi pande zote, kimefungwa kwenye mlingoti, na opereta asishuke kitini. Ngazi ni bora kuliko paleti.

*Inachodai kwako.* Nafasi: ya kawaida ya tani mbili na nusu inataka njia ya karibu mita nne ili igeuke na paleti. Njia ya watu itengwe na njia ya mashine kwa vizuizi vya chuma, maana mstari wa rangi haumzuii mteja wa Kariakoo. Opereta aliyesomea kazi hii na kupimwa kwa vitendo. Ukaguzi wa kila asubuhi kabla ya kuwasha: matairi, minyororo, meno, breki, honi, mafuta yanayovuja.

Kuhusu nishati, ya dizeli ina nguvu na haitegemei umeme, ila iwe ya uani. Moshi wake ndani ya ghala lililofungwa, au ndani ya kontena, unaingia mapafuni mwa watu wako. Ya gesi haionekani moshi, na hapo ndipo inapodanganya, kwa sababu bado inatoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu. Wafanyakazi wakilalamika kichwa kila jioni, usiwape Panadol, fungua milango na mwite fundi wa injini. Ya betri haina moshi, lakini betri ya asidi ikichajiwa hutoa haidrojeni, na hewa hiyo ikifika asilimia nne tu inaweza kulipuka kwa cheche. Chaji mahali penye upepo, pasipo sigara wala kuchomelea, na maji ya kunawia macho yawe karibu. Pia piga hesabu ya muda: betri ya asidi inataka kama saa nane kuchaji, na umeme ukikatika usiku, asubuhi huna mashine.

*Inamfaa nani.* Mwenye kontena za mara kwa mara, ua mpana, mzigo mzito, geti linalofungwa, na opereta wa kudumu. Kama utaingiza mashine ndani ya kontena, uliza yenye mlingoti mfupi. Mlango wa kontena la kawaida una kimo cha kama mita 2.28, na mlingoti mrefu utaugonga.

Lisilobadilika kwa zote tatu

Eneo la kazi linapaswa kusajiliwa na OSHA, Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, chini ya sheria ya 2003, na mashine za kunyanyulia mizigo zikaguliwe. Mwajiri pia anapaswa kuchangia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF. Mchango unatoka mfukoni mwa mwajiri, haukatwi kwenye mshahara. Mfuko hulipa matibabu, na mfanyakazi akiwa hawezi kufanya kazi kwa muda hupata asilimia 70 ya mshahara wake, hadi miezi 24. Akibaki na ulemavu au akifariki, kuna malipo yake na ya wategemezi wake. Madai yapelekwe ndani ya miezi 12 tangu ajali.

Ninaisema hiyo miezi 12 kwa uchungu. Yule kijana wa kandambili ya bluu alipewa nauli, hela ya dawa, na ahadi. Hakuna aliyeandika taarifa. Tulipokuja kushtuka kwamba alikuwa na haki yake, muda ulikuwa umepita, na mimi niliyekuwa na daftari mkononi siku ile ni mmoja wa waliopaswa kuandika. Kama unatumia vibarua, nenda WCF uulize leo majina yao yaingizwe vipi. Usingoje siku ya ajali.

Kwa hali yako

Stoo ya Kariakoo, ghorofa ya chini, wateja wanaingia ndani: jeki ya umeme, na mzigo uhamishwe asubuhi kabla ya kufungua duka. Foklifti usiiwaze hapo, hata ikitolewa bure.

Godauni la Vingunguti au Tabata lenye raki, maboksi, na sakafu nzuri: staka, pamoja na jeki ya mkono ya akiba kwa siku ambayo umeme haupo. Kama sakafu ni mbovu, fedha ya kwanza iende kwenye zege.

Ghala la Kurasini au Barabara ya Nyerere linaloshusha kontena kila wiki: foklifti, ya betri kwa ndani au ya dizeli kwa uani. Kontena zikija moja moja kwa mwezi, kodi mashine pamoja na opereta wake kwa siku hiyo, ila mwombe uthibitisho wa mafunzo yake na wa ukaguzi wa mashine, na wafanyakazi wako wasogee nje ya eneo hadi kazi iishe.

Mzigo wako unachanganyika, mzito na mwepesi, juu na chini: mara nyingi mashine mbili ndogo zinafanya kazi vizuri kuliko foklifti moja inayokimbizana na kila kitu, na inayokimbizana ndiyo inayogonga.

Na kama watu wako hubadilika kila siku, kiasi kwamba hujui nani atashika mpini kesho, usinunue mashine ya mota kwa sasa. Ajiri mtu mmoja wa kudumu, mpeleke akasome, kisha mwende naye kwa muuzaji. Yeye ndiye aijaribu, wewe simama pembeni. Ikiwa ni jeki au staka ya kutembea nayo, mwambie aiendeshe taratibu kuelekea kwake, ashike boksi tupu la karatasi mbele ya tumbo, na aache kitufe kiguse boksi. Mashine ikisita kugeuza mwelekeo, usilipe.